Ngoma Mlangoni kwa Seremala

Kila asubuhi seremala alifagia vumbi la mbao mbele ya karakana yake. Binti yake wa miaka tisa alichemsha chai. Zamani mama ndiye aliyewaita mezani, na wote watatu walifanya ishara ya msalaba kabla ya kunywa. Sasa miezi mitano ilikuwa imepita tangu mama azikwe. Binti alifanya ishara hiyo peke yake, haraka haraka. Baba alitazama dirishani.

"Baba, Jumapili twende kanisani?"

"Nenda na jirani, mama. Mimi nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kiti kimoja. Tangu mazishi kilikuwa na miguu mitatu.

Jumapili hiyo paroko alitangaza kwamba kila jumuiya ya waumini mtaani iwatembelee walioacha kuja kanisani. "Waendeeni kwa sala na kwa furaha," alisema.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Mama Kengele, maana sauti yake ilifika kabla yake. Neno furaha lilimwingia sawasawa. Kesho yake alikusanya wanajumuiya kumi, akabeba ngoma ya kwaya, wakaenda kwa seremala wakiimba na kupiga vigelegele.

Seremala alifungua mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, umepotelea wapi?" aliuliza Mama Kengele. "Kwenye daftari la jumuiya jina lako lina alama za mkasi, za utoro, wiki ishirini!"

Seremala aliwatazama mmoja mmoja.

"Nyumba hii ina msiba," alisema polepole. "Mmeniletea harusi?"

Akafunga mlango. Mama Kengele alirudi nyuma kwa kushtuka, ngoma ikamponyoka na kupasuka ubavuni. Hakuna aliyecheka. Wakaondoka kimya, ngoma wakaiacha palepale kibarazani.

Mama Kengele alikwenda moja kwa moja kwa katekista, mzee mpole aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Mbona umepoa hivyo, mwanangu?"

"Mwalimu, seremala ametufungia mlango. Paroko si alisema twende kwa furaha?"

"Alisema. Na kabla ya furaha alitaja nini?"

Mama Kengele alifikiri. "Sala."

"Mlimwombea?"

"Tulifanya mazoezi ya nyimbo."

Katekista alitabasamu bila kumdhihaki. Akamsogezea kiti.

"Mwombeeni kwa jina lake, kila siku, wiki nzima. Ukimwombea mtu, utamwona kwa jicho jingine. Halafu tutakwenda wawili tu. Daftari libaki nyumbani. Tutapiga hodi na kungoja. Asipotukaribisha, tutarudi siku nyingine bila kununa. Akitukaribisha, tutaketi na kumsikiliza."

"Na furaha je?"

"Furaha ya Injili si kelele. Ni mtu kujua kwamba umefurahi kumkuta, hata kama yeye analia."

Jumuiya ilisali wiki nzima. Kisha wawili hao wakaenda.

"Hodi," alisema Mama Kengele. Sauti ilikuwa ndogo hata binti hakumtambua.

Wakangoja. Wakaendelea kungoja.

"Karibuni," alisema seremala mwishowe.

Waliketi. Mama Kengele aliona sare ya shule ya binti imefumuka begani. Akatoa sindano na uzi, akaanza kushona. Seremala aliitazama sindano ikipanda na kushuka.

"Jeneza lake nililitengeneza mwenyewe," alisema ghafla.

Sindano ikasimama.

"Nilikata ubao ukawa mfupi. Mimi, miaka ishirini kwenye kazi hii! Ilibidi nikate mwingine, watu wakiningoja. Tangu siku ile, nikifumba macho nisali, naona ubao ule tu."

Machozi yalimlengalenga Mama Kengele.

"Shemeji, hukuwa mzembe. Mikono yako ilikuwa inalia."

Seremala alifunika uso. Akalia, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza. Katekista hakuhubiri. Alingoja mpaka kilio kikatulia.

"Ukituruhusu, tusali kidogo?"

Wakaanza Baba Yetu. Sauti zilikuwa tatu, pamoja na ya binti. Walipofika mahali pa kuomba msamaha, zikawa nne.

Walirudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kile kiti kikapata mguu wa nne.

Jumamosi moja Mama Kengele alikuwa kwenye cherehani yake aliposikia hodi. Walikuwa seremala na binti yake. Seremala alibeba ngoma. Palipopasuka alikuwa ametia kipande cha mti mpya, kimekaa sawasawa.

"Nilipima mara tatu," alisema.

Mama Kengele akapitisha kidole pale. "Shemeji! Hata ufa hauonekani. Tuipige?"

"Kesho, kwenye misa. Ipigeni kwa nguvu, nami nitakuwepo. Leo nina ombi. Yule mwashi jirani yangu amefiwa na mkewe, hatoki ndani. Tumemwombea wiki nzima, mimi na binti. Utanisindikiza?"

Mama Kengele alizima cherehani, akavaa viatu. Njia nzima hakusema neno hata moja. Binti alimtazama kwa mshangao, kisha akaona midomo yake inachezacheza. Alikuwa anasali.