Ng'ombe Aliyeungua Mabaka Meupe

Kila siku baada ya shule, Aikande alishuka porini, chini ya vihamba, mashamba ya migomba ya Machame, kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wao wa mabaka meusi na meupe alilishwa ndani ya nyumba, kama ilivyokuwa desturi. Njia ilikuwa ndefu, na mvivu hakosi sababu. Wiki ile Aikande alikata vichaka vya maua ya rangirangi kwenye uzio wa shamba la Mzungu lililokuwa karibu, akavifunika kwa nyasi juu ya mzigo.

Jumamosi baba yake, Mzee Elisaria, alimfunga ng'ombe nje juani ili atengeneze zizi. Jioni mabaka meupe yalikuwa yamevimba na kutoa malengelenge. Meusi hayakuwa na kitu.

"Amemwagiwa maji ya moto!" alifoka Elisaria. "Ni Eunike tu! Jana tuligombania maji ya mfereji."

Eunike alikuwa jirani yao, mjane. Kufikia Jumapili watu walikuwa wakimwita mchawi, kwa kuwa mabaka meusi hayakuguswa, na Elisaria aliapa kumshtaki kwa mangi, mtawala wao. Aikande alisikia yote, asitaje majani aliyokata.

Jumatatu alikuja Eliufoo, bwana mifugo. Alimkagua ng'ombe taratibu.

"Maji ya moto hayachagui rangi," alisema. "Amekula nini?"

Aikande aliona aibu kubwa. "Nilimpa majani ya uzio wa Mzungu, yale ya maua," alisema akilia. "Niliona uvivu kwenda porini."

"Basi ndiyo hayo," alisema Eliufoo. "Yanaharibu ini. Ini likiharibika, rangi ya majani anayokula inabaki kwenye damu na kufika ngozini. Gizani haidhuru. Ikipigwa na mwanga wa jua inageuka sumu, inaunguza ngozi. Ngozi nyeusi inazuia mwanga, nyeupe haizuii. Mrudisheni ndani, mpeni nyasi safi na maji."

Elisaria alichuma jani la sale, ambalo Mchagga akiletewa hakatai kusamehe, akamshika binti yake mkono, wakaenda kwa Eunike.

Eunike alilipokea jani. "Nimesamehe," alisema. "Lakini jana kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi langu."

Aikande alilia tena.

"Sikia, mwanangu," alisema Elisaria. "Uvivu wako umemuumiza ng'ombe, naye atapona. Kimya chako na hasira yangu vimemuumiza mtu. Jumapili ijayo utakaa na mama Eunike, nami nitasimama mbele ya watu niseme nilikosa."