Walipoitwa, Hawakuitika

Ndege ilikwisha kuanza kushuka kuelekea Juba dhoruba ilipoifumania. Wingu jeusi liliimeza mchana kweupe, mabegi yakawa yanawaangukia abiria vichwani. Bawa likagonga miti. Adeng alisikia kishindo kimoja, kisha hakusikia kitu ila mvua.

Waliobaki hai walikuwa wawili: yeye, mkono wa kushoto umevunjika, na Cissy, Mganda mwenye duka mtaa wa Hai Cinema mjini Juba, aliyekuwa kiti cha jirani akimtania njia nzima kwa kuogopa ndege. Paja la Cissy lilikuwa limechanika vibaya. Harufu ya mafuta ilizidi, Adeng akamburuta mpaka kwenye matete, akalifunga jeraha kwa kitenge, akakaza fundo kwa meno. Damu ilipungua lakini haikukoma.

"Maji," Cissy alisema.

Adeng alikinga mvua kwa kiganja, akamnywesha. Mvua ilipokatika wakauona Jebel Kujur, mlima wa Juba, karibu kabisa. Mwenye miguu mizima angefika. Lakini Cissy angebebwa na nani, na kwa mkono upi?

"Watakuja. Vumilia, dadangu."

Na kweli walikuja. Alasiri sauti za wanaume zilisikika penye mabaki, zikiuliza kwa Kiarabu cha Juba kama kuna watu: "Fi nas?" Kupitia majani Adeng aliona buti, kisha mtutu wa bunduki. Akajilaza chini.

"Dada, watu iko pale," Cissy alinong'ona. "Ita wao."

"Nyamaza. Hatujui ni kina nani."

"Mimi iko nakufa, dada."

Usiharakishe kumlaumu Adeng. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alikuwa mtoto walipokimbia vita kwenda Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Kenya, na mama yake alimfundisha sheria moja: ukiitwa na usiyemjua, usiitike. Walioitika hawakufika Kakuma. Siku moja njiani waliitwa hivyo, mama akamziba mdomo kwenye matete kama haya, wakapona. Basi naye akamziba Cissy mdomo kwa ule mkono mzima. Cissy alihangaika, akamtazama, akatulia. Sauti zikapita, zikafifia.

Walirudi asubuhi. Safari hii Adeng, akiona Cissy haamki, alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Walikuwa askari waliotumwa kuwatafuta. Wa kwanza kufika, Ngor, alimfunika koti lake, kisha akamgusa Cissy shingoni. Alikuwa ameshapoa.

"Jana tulipita hapa hapa tukiita. Hamkusikia?"

"Tulisikia."

Ngor hakuuliza kwa nini. Naye alikulia ukimbizini.

Hospitalini Juba akaja Kato, kaka yake Cissy, macho mekundu, ameshika kofia yake. Alisimama kando ya kitanda cha Adeng.

"Asante, dada," alisema. "Wewe ilikaa na yeye. Hakufa peke yake."

Akanyoosha mkono amshike wake, ule mzima. Adeng akauficha chini ya shuka.