Vigingi vya Bwana Halvorsen

Kila asubuhi kabla ya basi la shule, Maren alizunguka mitaa ya Pell Creek na nyundo yake, akipigilia vibao vya kampeni kwenye nyasi za majirani: LORNA TVEIT AWE HAKIMU. Lorna ni mama yake, wakili anayegombea kuchaguliwa na wananchi kuwa hakimu.

Asubuhi moja ndani ya basi, Curtis, ambaye baba yake aligombea kiti hichohicho, alimcheka. "Mama yako atamhukumu vipi Halvorsen, na vigingi vya vibao ni vya Halvorsen? Baba alimwona akikupakilia!"

"Ni mabaki ya mbao tu. Kwani ni pesa?"

"Thubutu! Visipoandikwa kwenye ripoti ya michango ya kampeni, baba anamshtaki."

Maren alinywea. Bwana Halvorsen, mwenye kiwanda cha mbao, alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba ambayo hakimu mpya angeiamua, na mama alikataza kupokea chochote chake. Lakini vigingi vilikuwa vizuri, na mzee alimnong'oneza, "Usimsumbue mama." Mama alipouliza vimetoka wapi, Maren alijibu, "Ghalani kwa babu." Jioni hiyo mama angeapa mbele ya karani wa uchaguzi kwamba ripoti yake ni kweli tupu. Akiapa uongo, hata uwakili ungeota mbawa.

Kutwa nzima Maren hakuambulia kitu darasani. Alimpigia mama mara tatu kwa simu ya ofisi ya shule, haikupokelewa. Kengele ilipolia, alitoka mbio kwenye mvua hadi ofisi ya karani, akilia waziwazi.

Mama alikuwa ameshainua mkono wa kulia.

"Mama, usiape! Vigingi si vya babu! Ni vya Halvorsen!"

Mama aliushusha mkono polepole. Uso ulimsawijika. "Umeniua, Maren."

"Lorna, nafunga saa kumi na moja," alisema karani, Bi Verna, akitazama saa ya ukutani. "Nikishafunga, sina msaada."

"Nipe kalamu." Mama aliandika jina la Halvorsen, vigingi na thamani yake, na kwamba vinarudishwa. Kisha akaapa. Bi Verna alipiga mhuri huku funguo ziko mkononi.

Nje, baba yake Curtis alikuwa anangoja. Aliomba kuisoma ripoti, akaisoma yote mpaka mwisho, akavaa kofia yake na kuondoka.

Mama na Maren wakaanza kung'oa vigingi, nyumba hadi nyumba, matope hadi magotini. Majirani walichungulia madirishani.

"Utashindwa kwa sababu yangu," Maren alisema kwa kwikwi.

"Huenda nikashindwa. Shika huku, tuvute." Kigingi kilichomoka. "Mwanangu, anayekupa kwa siri atataka umlipe kwa siri. Na mimi naomba kazi ya kuwaapisha watu waseme kweli. Ningeanzaje kwa uongo?"

Maren alijifuta kamasi, akaenda kung'oa kigingi kilichofuata.