Nilikiri Jukwaani Kwamba Sina Kazi

Mwishehe alikuwa ananipaka unga usoni. Shavu la kulia lilikuwa tayari, la kushoto bado, aliponiuliza...

"Albano, kitambulisho cha kazi umeshapewa?"

"Jumatatu. Bwana Theonest ameniahidi."

"Leo Jumamosi."

"Siku mbili tu, ndugu yangu."

Akachovya unga, akanipaka tena shavu lilelile la kulia. Nikadhani ni woga wa jukwaa.

Wasomaji wangu, mtu huyohuyo ndiye aliyenikabidhi kwa askari hata saa moja haijapita. Tena mbele ya watu mia nne... wote wanacheka!

Niwaeleze taratibu, maana mie si mwepesi wa kuhukumu.

Ulikuwa mwaka 1976, Temeke. Kiwanda kimoja kilikuwa na kikundi cha vichekesho, kiongozi wetu Bwana Theonest. Kila Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi unajaa mpaka watu wanakaa madirishani. Mie nilikuwa kijana wa Newala, na Mwishehe, mwenyeji wa palepale Temeke, ndiye aliyenifundisha kuchekesha.

Nyakati zile ukikutwa mjini huna kitambulisho cha kazi, unapakiwa kwenye karandinga la polisi, unapelekwa kijijini ukalime. Mie nilikuwa nachekesha tu, kiwanda kilikuwa hakijaniajiri.

Na nilikuwa na mchumba, Adelina.

Baba yake, Mzee Fransis, mchonga vinyago, alishaniambia: "Nionyeshe kitambulisho, ndipo tuongee habari za mahari."

Kwa hiyo Jumatatu ile haikuwa Jumatatu tu. Ilikuwa ndoa yangu!

Sasa jambo moja mlijue. Vichekesho vyetu havikuandikwa popote. Tulikubaliana mwanzo na mwisho, katikati kila mtu na akili yake. Sheria ilikuwa moja: mwenzio akikutupia neno, usilikatae. Lipokee, likuze. Ukikataa, mchezo unakufa, na wewe unazomewa.

Siku hiyo nilikuwa Bwana Kitambi, tajiri mchoyo, tumbo limejazwa magunia. Mwishehe alikuwa mpishi wangu. Tulikubaliana ataniibia nyama.

Nyama hakuigusa. Alinitazama, akapaza sauti:

"Bwana Kitambi! Kitambulisho chako cha kazi kiko wapi?"

Waliokaa madirishani wakageuka kutazama nje. Neno lile lilimtisha kila mtu mwaka ule.

Mie nikataka kushuka jukwaani. Lakini sheria ni sheria... nikalipokea.

"Kimeliwa na panya!"

Kicheko!

"Panya gani anakula kitu ambacho hakijawahi kuwepo?"

"Panya wa Temeke, bwana! Hula hata ahadi!"

Watu wanapiga benchi. Mwishehe akasogea, jasho linamtiririka.

"Acha utani. Waambie wananchi jina lako, na unafanya kazi wapi."

"Naitwa Albano Nandonde! Sifanyi kazi popote! Kazi yangu ni kulea tumbo hili!"

Jamani, ukumbi ulilipuka. Sijawahi kupata makofi kama yale, kabla wala baadaye.

Benchi la mbele wakainuka wanaume wawili, wamevaa suti za Kaunda. Wakapanda jukwaani.

"Ndugu, twende."

Nikadhani Mwishehe ameongeza waigizaji. Nikainama: "Waheshimiwa, mmoja anishike tumbo, linachelewa kutembea!"

Watu hoi!

Mmoja akanikamata mkono. Akanong'ona: "Hatuigizi, kijana."

Nilipotazama macho yake, nikajua ni askari kweli.

Adelina, aliyekuja na baba yake, akasimama kwenye benchi, analia.

"Wanamchukua kweli! Jamani, wanamchukua kweli!"

Wakampigia makofi na yeye. Kuna mama akasema, "Huyu binti anajua kuigiza!"

Ukumbi mzima, ukimwondoa Adelina, ambaye hakucheka ni Mzee Fransis peke yake. Alinitazama kama anavyoutazama mpingo akigundua una ufa. Akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Nje, nikiwa na unga usoni na magunia tumboni, nikajitetea.

"Afande, Jumatatu naajiriwa!"

"Umesema mwenyewe huna kazi."

"Ule ulikuwa mchezo!"

"Mashahidi mia nne. Panda!"

Nikapanda karandinga. Nikaketi, kichwa nimekishika. Mara wakasukumwa ndani watu wengine wawili, watatu...

Wa mwisho alikuwa Mwishehe!

Bado amevaa aproni ya mpishi.

"Wewe!"

"Albano, nisikilize."

"Wewe una kazi Vingunguti!"

"Nilifukuzwa mwezi uliopita. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Zuena. Leo asubuhi askari wakanikamata kulekule Vingunguti. Wakasema niwape mtu mmoja akiri kwa kinywa chake, wataniachia."

"Na mbona hawakukuachia?"

Akacheka kicheko kibaya, kikavu.

"Wamesema aliyeletwa ni mmoja, na aliyemleta ni wa pili."

"Ungeniambia wakati unanipaka unga. Tungekimbia wote."

"Nina watoto watatu, Albano."

Mpaka leo sijapata jibu lake.

Adelina aliolewa Mtwara kabla mwaka haujaisha, na mtu mwenye kitambulisho. Na katika wale mia nne, wengi wao walinijua kwa jina, hakuna aliyefika popote kuuliza niko wapi. Walishafurahi, wakaenda kula.

Wadogo zangu mnaojianika humu mtandaoni ili watu wacheke, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujasema udhaifu wako hadharani, jiulize ni nani kati ya wanaocheka atakufuata ukipelekwa.

Jumatatu yenyewe ilinikuta kijijini nje ya mji, mbele ya Kibamba. Tulipewa kipande kimoja, mie na Mwishehe, tupige matuta ya mihogo. Yeye alianza upande ule, mie huku. Mpaka jua linazama tulikuwa na matuta kumi na moja, na ardhi kubwa ngumu katikati yetu.

Mama Auleria, msimamizi, akaja kukagua.

"Nyie ndio wachekeshaji?"

Tukaendelea kulima, kila mtu upande wake.

"Haya, acheni majembe hapo hapo. Kesho mtaendelea mpaka mkutane."