Chupa za Uti wa Mgongo

"Tambwe, barafu itaisha saa sita."

Sauti ya Daktari Charlotte ilikwaruza ndani ya Motorola. Tambwe aliibana redio sikioni, pikipiki ya TVS ikiruka mashimo kuelekea bandari ya Kalundu.

Asubuhi ile mtu aliiba glacière, sanduku la barafu, ya chuo kikuu. Ndani mlikuwa na maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa kifafa. Madaktari wa hospitali walikuwa wameyatoa ili watafiti wa maabara wachunguze kinachouchoma ubongo wao. Aliyemtuma mwizi ni tajiri mmoja wa ng'ambo, aliyetaka kuyauza kama mali yake.

Chupa moja ilikuwa ya Sharifa, mke wa Tambwe.

"Siwezi kumutoboa tena," Charlotte alisema. "Ubongo yake iko imevimba. Sindano ya pili itamuua."

Tambwe alikuwa jasusi, na alishatazamana na mitutu ya bunduki bila kupepesa. Leo aliogopa, wala hakujidanganya.

Gatini glacière za bluu kama ile zilikuwa tele, na boti ya kuvuka ziwa ilishaanza kunguruma. Kama Tambwe angechomoa bastola yake ya Glock, mwizi angeitupa glacière ziwani. Basi akajifanya mnunuzi, akapita akiuliza kila mmoja anauza nini.

Soda. Nyama. Soda tena.

Bwana mmoja mwenye miwani ya Ray-Ban alitabasamu.

"Ndagala mubichi. Ya hii usiku."

Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu. Siku hizo taa za wavuvi hazivuti samaki, na Uvira nzima inajua kwamba mitumbwi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, haitoki.

Njia ya mwongo ni fupi.

"Weye, nifungulie nione," Tambwe alisema.

Mkono wa yule bwana ukazama ndani ya koti. Kiwiko cha Tambwe kilitangulia, kikamkuta kooni. Bastola ikadondoka majini. Glacière ikayumba ukingoni mwa gati.

Tambwe akaidaka, akaikumbatia kifuani. Kisha akamkabidhi mwizi kwa askari wa bandari.

Maabarani, Charlotte alikisoma kipimajoto cha glacière.

"Iko baridi," alisema. "Mangaribi tutajua kama Sharifa atapona. Ungoje hapa."

Tambwe alitikisa kichwa.

"Mumuambie Sharifa wa kwanza. Minye naogopa."

Akavaa miwani yake ya jua, akatoka polepole hadi barabarani.