Filimbi ya Shambani kwa Wouter

Rafiki yangu Wouter analima viazi Flandria, palipopiganwa vita kuu ya kwanza. Trekta likifukua mifupa ya askari, mkulima husimamisha kazi na kuita polisi. Safari hii Wouter aliifukia tena, akabaki na filimbi ya afisa aliyoikuta kwenye mifupa hiyo.

"Wapigie simu, bwana wee," mkewe Godelieve akamsihi.

"Viazi vyangu vioze? Huyu kalala miaka mia, hana haraka."

Asubuhi moja ya ukungu, Godelieve akiwa ghalani, Wouter alimwita mbwa kwa filimbi ile. Zamani ndiyo iliyowatoa askari mahandakini kwenda kushambulia. Mbwa akajikunyata. Buti nyingi zikasikika zikikanyaga tope, chwaa, chwaa, zikampita asione mtu. Nyayo ziliingia ghalani; hazikutoka.

"Godelieve!"

Gizani mle ikajibu filimbi. Yake alikuwa bado ameishika.