Daftari la Jumamosi

Kila Ijumaa na Jumamosi alasiri, Odalie Guidry alikaa nyuma ya wavu wa uwanja wa besiboli wa chuo, tochi ya kupimia mwendo mkono mmoja, penseli mkono wa pili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini kocha alimwamini kwa sababu hakuwa na porojo. Kila mpira uliorushwa aliuandikia maili zake kwa saa.

Kaka yake, Remy, aliingia mwishoni mwa mchezo, mrushaji wa kwanza akishachoka. Alirusha mipira kumi na mitano ya moto, wapigaji wakabaki wakipiga hewa. Mpira wake ulifika maili tisini na nane. Mwezi uliofuata timu za kulipwa zingechagua vijana wa vyuo, na mtaani kila mtu alikwisha kumchagua.

Jumapili moja asubuhi, Remy akiwa mezani na uji wake mzito wa mahindi, simu ililia. Alikuwa Bwana Hatcher, msaka vipaji wa timu moja ya kulipwa.

"Nimekuona Ijumaa tatu, kijana, mkono ukiwa mpya," alisema. "Lakini mrushaji wa mwishoni huitwa leo, na kesho huitwa tena. Nataka kuziona namba za Jumamosi zako, mkono ukiwa umetumika jana yake. Kocha anasema mdogo wako anazo daftarini. Napita saa nne."

Remy alikata simu, akamgeukia dada yake. "Jana uliandika ngapi?"

"Tisini na moja."

"Ubao wa uwanjani ulisema tisini na saba!"

"Ubao unatia chumvi ili watu washangilie. Hata wewe unajua."

"Basi andika za ubaoni. Uongo uko wapi? Watu elfu mbili waliziona. Usinitilie mchanga kitumbua changu, Odalie."

Odalie alikwenda barazani na kifutio. Alimpenda kaka yake kuliko mtu yeyote. Akafuta tisini na moja, akaandika tisini na saba. Akafuta ya pili, na ya tatu. Kwenye mstari wa nne akaona nyota ndogo pembeni. Ilikuwa alama yake mwenyewe: alichora nyota kila Remy alipokung'uta mkono baada ya kurusha. Machi hapakuwa na nyota hata moja. Aprili zilikuwa nne. Jana zilikuwa kumi na moja.

Alichungulia dirishani. Remy, ambaye hakuwahi kushika hata kijiko kwa mkono wa kushoto, alikuwa anakula uji kwa mkono wa kushoto. Odalie aliogopa sana. Akazirudisha namba za kweli moja moja, kisha akaingia ndani.

"Vidole vinakufa ganzi, sivyo?"

"Tangu lini umekuwa daktari?"

"Sidanganyi, Remy."

"Ukimpa hilo daftari umenimaliza!"

"Nikimpa la uongo, nitakuwa nimekimaliza kiwiko chako." Machozi yalimtoka, lakini daftari alilikumbatia kwa mikono miwili.

Bwana Hatcher alipofika, alilisoma daftari mstari kwa mstari. "Hapa pamefutwa," alisema.

"Nilitaka kudanganya, bwana. Nikarudisha."

"Na nyota hizi?"

Odalie alimweleza. Mzee alivua kofia, akamtazama Remy. "Hebu kunywa kahawa kwa mkono wa kulia."

Remy aliinua kikombe. Kilitetemeka, kahawa ikamwagika mezani.

Daktari alisema kano za kiwiko zimevutika, bado hazijakatika. Angerusha wiki mbili zaidi, zingekatika. Mwaka ule Remy hakuchaguliwa. Alimnunia dada yake mwezi mzima, na Odalie aliumia, ila hakujuta. Kisha Remy alianza mazoezi ya kuuponya mkono, kila alfajiri, bila kuruka hata siku moja.

Msimu uliofuata, Jumamosi, Bwana Hatcher alikaa kando ya Odalie. Remy alirusha. Ubao ulisema tisini na nane. Tochi ilisema tisini na sita. Hapakuwa na nyota.

"Mwaka jana ningemwamini Remy wa Ijumaa, na mkono wake ungekatikia kwetu," alisema mzee, akiandika. "Mwaka huu namwombea nafasi bila wasiwasi. Sikiliza, binti yangu: ukimpenda mtu, usimtilie chumvi. Mwambie ukweli angali ana muda wa kupona."

Remy alisogea wavuni akihema. "Odalie! Ngapi?"

"Tisini na sita!"

Alitabasamu. "Andika hivyo hivyo."